Msifagie Mpaka Jaji Aje

Sogeeni karibu wanangu, na wewe kitinda mimba wangu acha kuchomeka hilo tambara dirishani, niache nipate hewa hata kama ina unga wa mbao, maana nina maneno ya kusema na pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia ikikwaruza. Msinikatize. Kulia mtalia baadaye, nafasi mtaipata.

Nyumba ni yenu wawili. Cherehani ni ya dada yako, kitanda na kabati ni vyako wewe uliyebaki hapa kunihangaikia. Hayo hayana ugomvi, ugomvi uko nyuma ya ukuta.

Marehemu baba yenu alipojenga hapa, kule nyuma palikuwa na kuku na kamba ya nguo, basi. Nilishona magauni ya maharusi kwenye baraza hii, kitambaa cheupe kinatandazwa mpaka mlangoni na hakiingii doa. Kisha akaja huyu Bwana Msumeno na mashine yake ya kupasulia mbao, na tangu siku aliyoiwasha ukuta unatetemeka, sindano zinavunjika, gauni linakuwa la kahawia kabla sijalipinda, na maharusi wakanikimbia mmoja mmoja. Nilimwendea kwa adabu. Akaniambia, "Mama, hapa ni kwangu, kwani nimekuja kupasulia mbao sebuleni kwako?" Nikamjibu, "Wewe hujaja, baba, lakini unga wako umeshafika na umekaa kwenye kiti."

Ndipo nikamshitaki, na wakili wangu akanifundisha sheria, nanyi ishikeni: mtu ana ruhusa ya kufanya shughuli zake kwenye kiwanja chake, ila isifike mahali jirani akashindwa kuishi kwenye chake. Kero ndogondogo tunavumiliana, jogoo wa mtu, mtoto wa mtu. Kwa hiyo kesi nzima ni kiasi, kero imezidi au haijazidi, na hakimu akasema atakuja kujionea mwenyewe.

Na nyinyi wanangu wazuri, wajinga wangu, mkafanya nini? Mimi nimelazwa hospitali kwa kifua hiki hiki, dada mtu akaomba ruhusa kazini, akaja na ndoo zake, akapiga deki, akafua mapazia, akapangusa mpaka juu ya kabati, eti mgeni mkubwa anakuja! Nafika nyumbani, hakimu yuko mlangoni, mashine imezimwa tangu asubuhi, na yule bwana amesimama na shati la pasi, mpole kama bwana harusi. Hakimu akapitisha kidole mezani, akakitazama, hakina kitu. Akasema, "Mbona nyumba inang'aa?" Na wewe, binti yangu, ukamjibu, "Asante, mheshimiwa." Loo! Tulishindwa pale pale. Usilie. Ningekulaumuje, na mimi ndiye niliyekulea na ufagio mkononi?

Sasa tumekata rufaa na jaji anakuja Jumatatu. Mimi sifiki Jumatatu, msinidanganye. Wakili anasema kesi haizikwi na mimi, ilimradi mrithi anaishi humu na kero inampata. Basi kitinda mimba, usihame. Yule bwana atakuja kutoa pole, na kabla hajakaa atataja bei ya nyumba. Mwambie aende zake. Naogopa, wanangu, nasema wazi, naogopa watu wabaki wakisema yule mama alikuwa mgomvi tu, na kifua chako wewe nacho kianze kukwaruza.

Ngojeni... nipeni maji. Hivyo.

Sikieni lililobaki. Kuanzia sasa ufagio usiguswe. Nikifa nyumba itajaa watu, na mashangazi zenu watashika fagio na kunong'ona kwamba marehemu ameachwa kwenye uchafu. Wanyang'anyeni. Waombolezaji wakae juu ya unga huo huo, wainuke nao kwenye nguo zao. Aibu ni yangu, naibeba. Na lile gauni jeupe ambalo bibi harusi alilikataa, litundikeni barazani, msilikung'ute. Mashine ataizima tena, huyo namjua, lakini unga hawezi kuuzima.

Mnasikia? Anaiwasha. Hata leo... hata leo hawezi kuninyamazia.

Nishikeni mikono. Mungu awape usingizi usiotikiswa, awape madirisha ya kufungua, awape... jirani mwenye haya. Mpendane. Msigawane nyumba kwa hasira. Mimi niko radhi nanyi, wote wawili, niko radhi...

Binti yangu. Huo mkono mwingine... unapangusa nini hapo mezani? Acha, mama. Acha hivyo hivyo.