Waliondoka Mmoja Mmoja

Benchi lenyewe liko nje ya duka la misumari na rangi mjini Nordahl, Iowa, limeegemea ukuta unaopata jua la asubuhi, na mwenye duka hajawahi kumfukuza mtu. Jumatatu ile walikuwepo watatu wa siku zote. Delmar, aliyeitwa Trekta kwa sababu akishawaka hazimiki. Arlo, aliyeitwa Redio, maana kila analolisema amelisikia redioni. Na Verlyn, aliyeitwa Mlango, kwa kuwa miaka thelathini na minne alisimama mlangoni mwa kanisa la Kilutheri akiwapa watu mkono na kuwaonyesha pa kuketi. Jana yake kanisa lilikuwa limesali ibada ya mwisho. Kanisa limeuzwa, na Mlango alikuwa na funguo mfukoni, akimsubiri wa kuzichukua.

— Watu kumi na mmoja! alisema Redio, akimimina kahawa kutoka kwenye thamosi. Timu kamili, ila hakuna wa akiba.

— Na wewe ulikuwa wapi? aliuliza Mlango.

— Nilisali kwenye simu.

— Sisi haturushi ibada kwenye simu.

— Nilisali na wa Texas. Mhubiri yule ana meno, we acha tu!

— Ukiwa umevaa nini?

— Mungu haangalii pajama, bwana.

Trekta alikohoa. Wenzake wakajua anawaka.

— Mnataka kujua kilichoua kanisa? Mito.

— Mito gani?

— Ile mito myekundu tuliyotandika kwenye mabenchi. Zamani unakalia ubao mtupu, kiuno kinakuuma, unazikumbuka dhambi zako zote. Sasa mtu amekaa pazuri, atatubu nini?

— Mito wapi! Ni lile kanisa kubwa la barabara kuu, alisema Redio. Lina ngoma, lina moshi kama disko, lina kahawa ya povu mlangoni. Ndilo lililotubebea vijana.

— Na lenyewe linapungua, alisema Mlango. Delmar, mjukuu wako si alihamia huko? Yuko wapi siku hizi?

Trekta akashusha kikombe.

— Anakaa sakafuni. Anafumba macho, anapumua.

— Anapumua tu?

— Nusu saa nzima! Nikamwuliza, hiyo ndiyo dini gani? Akasema si dini. Nikasema, basi wewe mwenyewe dini gani? Akasema hana. Hana! Kama mtu aliyeombwa kiberiti.

— Redioni wamesema wako wengi wa hivyo. Wakiulizwa dini, wanajibu "hakuna".

— Basi ni saa, alisema Trekta.

— Saa tena?

— Si kila mwaka baridi ikiisha serikali inatuamuru tusogeze saa mbele kwa saa nzima? Jumapili! Kwa nini isiwe Jumanne? Kila mwaka wanaiba saa moja ya kanisani. Piga hesabu ya miaka hamsini.

— Lakini wanairudisha kabla ya baridi.

— Wanairudisha usiku, umelala! Utaitumiaje?

Redio alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali.

— Nyote mmekosea, alisema akijipangusa. Ni kahawa ya kina mama, ya kabla ya ibada. Daktari alipowaambia wapike ile isiyo na nguvu, basi. Watu wakaanza kusinzia kanisani, na mtu akishasinzia mbele za watu anaona haya kurudi.

Mlango hakucheka. Aliangalia ng'ambo ya barabara, ambako mwanamke mfupi alikuwa akishuka kwenye gari, amevaa koti la kiwanda cha nyama ya nguruwe. Alikuwa Odilia, mzee wa kanisa la Wapentekoste wa Guatemala, watu waliosali miaka sita katika gereji ya matairi hadi wakapata pa kununua.

— Habari za asubuhi, Don Verlyn, alisema, kwa neno la heshima la kwao.

— Nzuri, mama. Karibu, kaa.

Walisogea. Mlango akatoa funguo.

— Huu mkubwa ni wa mbele. Wakati wa baridi uinue mlango kidogo ndipo uzungushe. Nyinyi mko wangapi?

— Mia na arobaini, pamoja na watoto.

— Mtalijaza.

— Na nyinyi mlikuwa mnalijaza?

— Krismasi tulipanga viti mpaka kwenye ngazi.

— Sasa waliondoka kwa nini?

— Ndilo tunalolijadili tangu saa mbili! alisema Trekta. Mimi nasema ni mito...

— Hapana, Don. Wao wenyewe walisema nini, mlipowauliza?

Redio akaitikisa thamosi. Haikuwa na kitu. Trekta, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amezimika, alizimika.

— Nauliza kwa sababu na kwetu imeanza, alisema Odilia. Dada zangu wawili, na binti yangu. Sitaki kukosea.

 Alingoja kiasi cha adabu, akashukuru, akaenda zake na funguo.

Mlango alikuwa na jibu la mtu mmoja. Binti yake Marit, wakati ule akifanya zamu ya usiku kiwandani, aliingia kanisani Jumapili moja na sare ya kazi, akakaa benchi la nyuma, akalala katikati ya mahubiri. Mlango alimtikisa bega. "Kama unataka kulala, kitanda kiko nyumbani," alimwambia, kwa sauti iliyofika hadi mbele. Marit alichukua koti lake akatoka. Trekta na Redio walikuwepo siku ile. Hawakuwahi kuitaja, na sasa kila mmoja alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mlango alikwenda kwenye gari lake, akafunga mlango, akapiga simu.

— Baba? Nani amekufa?

— Hakuna. Nataka kukuuliza kitu. Ile Jumapili niliyokuamsha kanisani. Kwa nini ulikuja, umechoka vile?

Marit alifungua bomba la maji.

— Nilikuwa nimeachana na mume wangu, Todd, juma lile. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilipita nyumbani kwangu, sikuweza kushuka kwenye gari. Nikasema niende alipo Baba, nikakae tu. Nilipokusikia unaimba nikaona nimefika, usingizi ukanichukua.

Mlango alishika usukani kwa mikono miwili, simu imebanwa begani.

— Pole, mwanangu.

Upande wa pili maji yalikuwa bado yakimiminika kwenye sinki. Yakafungwa.

— Miaka kumi na saba, Baba, alisema Marit.

Hakukata simu. Naye Mlango hakukata.