Mama Moshi na Malkia wa Mzinga wa Tatu

Ijumaa tarehe ishirini na nane, saa nane mchana, mtunza maabara wetu atatundika koti lake jeupe kwenye msumari wake wa siku zote na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika shule hii. Wanafunzi humwita Mama Moshi. Mhasibu anaapa kwamba harufu ya koti hilo humtangulia korido nzima.

Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Nyuki hawakuwamo kwenye mkataba. Mwaka wake wa pili, kundi zima lilivamia kabati la ramani, na mkuu wa shule wa wakati huo akaendesha kikao cha walimu akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Dawa ya kuwaua ilikuwa imeshaagizwa. Mama Moshi aliomba siku mbili tu. Jumatatu kabati lilikuwa tupu, na nyuma ya maabara ulikuwa umesimama mzinga wa kwanza. Leo ipo sita, na hakuna mwanafunzi wa biolojia aliyepita hapa bila kuinama mbele ya mizinga hiyo.

Nami niliinama. Nilihamia kidato cha pili kutoka shule iliyofundisha kwa lugha nyingine, na kila sentensi niliyotaka kusema nilikuwa naipitisha kichwani mara mbili. Ikiwa tayari, wenzangu wameshahamia mada nyingine. Mama Moshi alinitania kuwa mimi ni mtu wa maneno mawili kwa siku, kisha akanikabidhi bomba la moshi la kuwatuliza nyuki. Kwenye mizinga hakuna anayekudai hadithi.

Huko ndiko nilikoona jambo linalonisisimua mpaka leo. Maelfu ya dada gizani, hakuna msimamizi, na kila mmoja anaijua zamu yake: huyu analisha watoto, yule anapepea hewa, wengine wanalinda mlango na kumnusa kila anayeingia. Nilidhani ni upendo mtupu. Mama Moshi akanionyesha upande wa pili: wapo nyuki vibarua wanaojaribu kutaga yai kwa siri, na dada zao wakilikuta wanalila. Alisema amani ya mle ndani inafanyiwa kazi kila siku kama usafi.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa. Daftari la mizinga, mwandiko wake wa miaka ishirini na tisa, lina doa moja: "Mzinga wa tatu. Malkia hayupo. Kosa la mtunza." Si kweli. Nilimponda mimi. Siku ya kufunga shule aliniachia nirudishe fremu ya masega mzingani peke yangu. Nikafanya haraka, na fremu ikambana malkia mchanga ambaye hakuwa ametaga hata yai moja. Nilimfunga kwenye karatasi, nikamtia mfukoni, nikaenda likizo.

Tuliporudi baada ya wiki tano, mzinga ulikuwa umevurugika. Bila malkia, wala yai la kulea malkia mwingine, vibarua walikuwa wanataga kila mmoja kivyake, mayai manne au matano katika chumba kimoja. Mayai hayo hutoa madume tu, na dume haleti hata tone la asali. Lile kundi lilikuwa linajimaliza lenyewe, na aliyejua chanzo alikuwa amesimama hapo hapo ameshika bomba.

Mama Moshi hakuuliza nani. Alichukua jarida hili hili la shule, toleo la muhula ule, akachomoa ukurasa wa katikati, akautoboa kwa sindano na kuutandaza juu ya mzinga wa pili wenye malkia mzima. Kisha akaupandisha ule wa tatu juu yake. Alinieleza kuwa ukiwakutanisha ghafla watauana, maana kila kundi lina harufu yake. Karatasi inawachelewesha mpaka wazoeane. Siku ya nne, mlangoni palikuwa na unga wa karatasi. Nyuki weusi wa juu na wa manjano wa chini walikuwa wanautoa nje pamoja, kipande kwa kipande. Kimoja kilikuwa na nusu ya jina la nahodha wa mpira. Nilisimama pale nikasahau kabisa kipindi cha hesabu.

Mhariri alinipa kazi hii akijua sitapiga chumvi. Juzi nilimpelekea Mama Moshi rasimu ahakiki tarehe. Alisoma amesimama, akafika kwa malkia, akaniacha na kwenda kabatini. Nilitamani ardhi inimeze. Akarudi na daftari. Alikuwa anajua tangu siku ile, akaniambia. Aliandika kosa ni lake kwa kuwa yeye ndiye aliyeniacha peke yangu.

"Umeshasema, basi andika mwenyewe, mwanangu," akanipa kalamu. "Halafu waambie wachapaji ukurasa wangu wasiubane pini. Mzinga wa tano umedhoofika, Jumatatu tutauhitaji ukurasa huo kuuunganisha na mwingine."

Niliandika. Jina langu sasa lipo chini ya mwandiko wake. Jumatatu atakuja kama mgeni na kukaa kwenye kigoda. Bomba nitashika mimi, na fremu nitaishusha polepole.

Mama Moshi, walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote tunakushukuru, na tunakuombea mapumziko marefu yenye afya na utulivu. Maneno haya nyuki wataanza kuyatafuna Jumatatu hiyo. Ikifika Ijumaa inayofuata, pita mlangoni pa mzinga uone wakiyatoa nje, wa juu na wa chini.