Sale Nililompa Afande

Bwana asifiwe, wapendwa! Aa, nyie wa benchi za nyuma mmejibu kama watu walioshiba ndizi na nyama. Bwana asifiwe! Haya, hapo sawa.

Mama yangu yule pale, mwenye kitenge cha bluu, keshaanza kunikata jicho. Mama nivumilie, leo nasema yote.

Mnajua mimi ni dereva, na kila Krismasi napanda kutoka Dar kuja nyumbani hapa Mwika. Krismasi ya mwaka juzi, siku ya pili yake, mchana kweupe, nikampakia mama nimpeleke kwa mjomba, Himo. Tukapitia nyumba nne kusalimia. Ndugu zangu, nawauliza: umetoka mbali, shangazi anakuletea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mikono miwili, utaikataa? Nikaonja. Nyumba nne, nikaonja mara nne, na kata zetu mnazijua zilivyo! Lakini kichwani mwangu sikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimeonja tu.

Tukiteremka, madereva wanaopanda wakaniwashia taa. Nikaelewa, trafiki wako mbele. Nikajiona mjanja, nikageuza gari, nikakata njia ya mashambani katikati ya kahawa, mbio, kona juu ya kona. Mama kule nyuma kimya. Natokea barabarani huku najipongeza, afande huyu hapa, mwanamama, ananitabasamia.

"Karibu, Mangi. Wenzangu wa kule wamenipigia, gari jeupe limegeuza. Nimekungoja mpaka miguu inauma."

Nilishuka garini. Leseni ndiyo jembe langu. Nikifungiwa, watoto watakula nini? Pembeni palikuwa na uzio wa masale, ile mimea yetu ya mipakani. Nikakumbuka mila yetu: ukimkosea mtu ukampelekea sale, hawezi kukunyima msamaha. Nikavunja tawi moja, nikampa afande kwa mikono miwili. Msicheke! Lafudhi yake ilikuwa ya Rombo kabisa, mwenzetu wa mila moja, nikajua nimeokoka.

Akalipokea kwa heshima zote. "Nimekusamehe, kaka yangu. Sina kinyongo na wewe." Nikashusha pumzi. Akatoa kile kifaa cha kupimia pombe. "Haya, sasa puliza."

Kifaa hakikujua mila. Gari likazuiliwa palepale. Tunaondoka, afande akamgeukia mama, akampa lile sale. "Shikamoo mama. Nadhani hili ni lako."

Tukaanza kupanda kwa miguu, mama viatu vya sikukuu mkononi. Mbele kidogo akasimama. "Mwanangu, kila Krismasi nikipanda gari lako namwomba Mungu liharibike. Leo nimeomba kila kona."

Wapendwa, nililia barabarani, mtu mzima na ndevu zangu! Miaka yote nilidhani mama anafurahia safari, kumbe ananiogopa. Nikamwomba lile sale, nikapiga magoti, nikampa upya kwa mikono yangu. Akalipokea. Akalipanda pale ninapoegesha gari, na limeshika vizuri.

Leseni nilifungiwa kweli. Miezi ile nilikata majani ya ng'ombe wa mama, na ng'ombe mwenyewe alinidharau. Lakini pombe niliiacha. Namshukuru mke wangu, hakunisimanga hata siku moja. Nawashukuru wazee wa usharika mliokuja kukaa nami jioni zile ngumu. Nawashukuru na askari wetu, wanaoacha sikukuu za kwao wasimame juani, huyu akimpigia yule, ili sisi tufike. Tuache kuwashiana taa, jamani! Na ninyi shangazi zangu, dereva akija mpeni ndizi. Mtakuwa mmempenda zaidi.

Krismasi iliyopita nilimpeleka tena mama kwa mjomba. Afande yuleyule akanisimamisha. Nikapuliza, safi. Akachungulia siti ya nyuma, uso ukabadilika.

"Mama mbona kimya hivyo? Anaumwa?"

"Hapana, afande," nikamwambia. "Amelala. Tangu Mwika anakoroma."