Vitamini za Papa Rigobert

Tangu vita viingie Goma na Constance akimbilie Lubumbashi, simu yake haikulia tena. Ndani ya taxi-bus ya kwenda mtaa wa Hewa Bora alijipoza kwa kusikiliza maneno ya wengine. Mbele yake mzee mmoja alikuwa akimwonyesha muuguzi aliyeketi naye chupa ya vitamini za moyo, aliyoagiza kupitia tangazo aliloliona kwenye simu.

"Na dawa ya docteur?"

"Nilishaacha."

"Aah, papa! Vitamini haiponyeshake moyo. Ile publicité inakudanganya, utakufa!"

"Ninajua, mama."

Muuguzi akaichukua ile chupa. "Sasa unanunuaka ya nini?"

Mzee akafungua simu. "Angalia. Kila asubui ile publicité inaniandikia: 'Papa Rigobert, umelala muzuri? Umekunywa vitamini?' Nikiacha kununua, itanyamaza."

"Ni mashini inaandikaka, papa. Haiko muntu."

"Batoto yangu ni bantu, na habaniandikiake."

Gari likasimama, mzee akashuka. Constance akainuka nusu ili amwite. Hakutaka kumkanya. Alitaka kumwomba namba ya ile mashini.