Kidole cha Fundi Kioo na Bunduki ya Binti Yake

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi. Mguu mmoja wa benchi ulikatika zamani na tofali limekaimu nafasi hiyo. Wembe ndiye kinyozi, na akikosa mteja hunyoa watu kwa maneno. Fundi Kioo alitengeneza televisheni zile zenye kisogo mpaka zikafa zote, akabaki yeye. Mimi huitwa Pasipoti, kwa kuwa nimekanyaga nchi kumi na moja na zote zimenirudisha. Mama Birika hutuuzia kahawa na kutuvumilia. Asubuhi hiyo Fundi Kioo alikuwa ameweka simu pajani, na kahawa yake imepoa hata nzi wameisusa.

— Fundi, hiyo simu unaiatamia? akaanza Wembe.

— Niacheni. Leo mwanangu anawasha bunduki.

— Bunduki! Binti mpole vile?

— Ya elektroni, we! Kama ile iliyokuwa shingoni mwa televisheni, ila hii ni babu yake. Ndani mna pete ya chuma. Inapashwa moto mpaka iwive, inatema elektroni pande zote sawasawa. Sumaku inazizungusha, zinatoa mawimbi kama ya jiko la kupashia chakula, lakini kwa nguvu za majiko elfu moja. Ndiyo yatakayochemsha gesi ipite jua kwa ukali, tupate umeme.

— Sasa mbona umekunja uso kama shati la mseja?

Fundi Kioo akakitazama kidole chake cha shahada.

— Wiki iliyopita alinitembeza kazini kwake. Pete ilikuwa mezani. Akageuka kidogo tu, nikaigusa.

— Kwa glovu?

— Kwa hiki hiki! Mkono wa fundi hauna subira. Mafuta ya kidole yakiingia pale, upande mmoja unatema, mwingine umenuna. Mwale unakwenda kombo. Miaka miwili ya kazi yake, jamani, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi!

— Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Wembe. Kitavunjaje bunduki?

— Chawa wametoka wapi hapa?

— Shida si mafuta, nikadakia kwa sauti ya mtu aliyesafiri. Shida ni alama. Elektroni zitatoka zimejipanga kwa mistari ya kidole chako. Hilo jua lao litakuwa na sahihi yako. Polisi watakutafuta kwa kutazama juu tu.

— Na kisukari alichonacho huyu! akaongeza Wembe. Umeme ukifika mitaani, kila balbu itaomba maji ya kunywa.

— Ndiyo maana wakasema haba na haba hujaza kibaba, nikamalizia, nikijua fika haihusiki.

Fundi Kioo hakucheka. Nikaona aibu, nikainamia kikombe.

Simu ikalia. Akaibonyeza hovyo, sauti ya binti yake ikasikika benchi zima.

— Baba! Imewaka! Mwale umetulia, pande zote sawa!

— Pande zote? Hata... Mwanangu, ile pete niliigusa.

Kicheko kikatujia kutoka upande wa pili.

— Nilikuona kwenye kioo cha kabati! Ile ni mbovu, Baba. Tunaiweka mezani kwa ajili ya wageni, maana hakuna mgeni asiyegusa. Mkurugenzi keshaigusa mara mbili. Nzima ilishafungwa ndani, hewa imenyonywa yote, tangu mwezi uliopita.

Fundi Kioo alishusha pumzi, tofali likasogea. Wembe akamkumbatia, kitana mkononi. Mimi macho yaliniwasha. Nikasingizia moshi, na moshi haukuwepo.

Pembeni alisimama muuguzi aliyetoka zamu, aliyekuja kununua kahawa, akakuta mkutano na kuusikiliza tangu mwanzo.

— Samahani, baba zangu, akasema, akamgeukia Fundi Kioo. Wiki nzima simu unayo. Kwa nini hukumpigia ukamwuliza?

Wembe akaanza kufuta kitana kwa shati. Mimi na nchi zangu kumi na moja tukalitazama tofali. Mama Birika akainamisha birika. Likadondosha tone moja.

— Kahawa imekwisha.

Fundi Kioo akampa muuguzi nafasi ya kukaa, akainua kikombe chake kilichokwisha kupoa, akakinywa hadi machicha.

— Aah, akasema. Ya moto hii.