Mama Ramani na Eneo la Wazi

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, tunayemlaza leo ni dada yetu mkubwa, ambaye wageni wa mji mkuu huu walimjua kwa jina la Mama Ramani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa watoto watano, katika nyumba ya udongo iliyokuwa pale yalipo sasa maegesho ya magari ya wizara, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, mwaka ambao wapimaji walikuja na vigingi vyekundu wakisema hapa utajengwa mji mkuu, familia ikahamishiwa ng'ambo ya kilima, naye akamalizia sekondari huko mwaka 1979.

Tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa kuwa mwongozaji katika ofisi ya kupokea wageni, akawatembeza watu kwa miaka thelathini na minne, akiwaonyesha barabara ya njia nane ambayo siku hizo ilipitwa na mbuzi wengi kuliko magari, mtaa wa balozi, bunge na bwawa la kusini, wala hakuwa mtu wa kuamini la kuambiwa, hata urefu wa mnara aliupima mwenyewe kwa kivuli. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mpima viwanja, baada ya kumkagua vyeti vyote, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 ofisi ilichapa kijitabu kipya cha wageni, na alipofungua ramani akakuta makaburi haya tunaposimama, alipolala mama yetu, yamefutwa, pameandikwa "eneo la wazi", machale yakamcheza, akaanza kuleta kila kundi hapa. Mkuu wa ofisi akamwita, "Mama, onyesha wageni kilichoandikwa tu." Akajibu, "Basi andikeni, bosi wangu, nami nitaonyesha." Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo.

Hakunyamaza, aliandika barua na kuzipeleka mwenyewe, akisimama dirishani mpaka zigongwe muhuri, na tarehe 3 Mei 2018 akapata kibali cha kuzikwa hapa, akakitolea nakala tatu, moja kwa kila binti na moja ndani ya foronya ya mto wake, na ile ya ofisini, tumeambiwa, haionekani.

Alianza kuugua moyo Januari 2019, akalazwa mara mbili, akiwauliza wauguzi jina la kila kidonge kabla ya kukimeza, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti yake mdogo.

Tunawashukuru madaktari waliovumilia maswali yake, majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkuu wa ofisi, aliyefika leo kabla ya jeneza, akiwa na watu wawili wenye futi kamba, akatuuliza kwa upole kama tuna kibali. Tunacho, mheshimiwa, mabinti wamekishika hapo mbele yako.

Pumzika kwa amani, dada, hatuondoki hapa mpaka udongo wote urudi mahali pake.