Mama Kikombe, Aliyelinda Banda la Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitalu chetu cha maua, Mama Kikombe anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Aliomba sherehe iwe fupi kwa sababu kuna miche ya kuhamisha. Tumekataa.

Jina lake limetokana na bromelia, ndugu wa nanasi, maua ya kupamba nyumba ambayo majani yake huacha shimo katikati mithili ya kikombe. Maji huwekwa humo, udongo huloweshwa kidogo tu. Somo hilo amelitoa kwa kila aliyepita getini, hata kwa madereva waliokuja kushusha mboji. Mumewe aliwahi kuozesha bromelia ya sebuleni kwa huruma ya maji, na mpaka leo haruhusiwi kugusa kopo la kumwagilia.

Ndiye aliyetuanzishia bustani za ndani ya chupa, zenye bromelia ndogo zinazoenea kiganjani. Leo zimejaa kwenye meza za ofisi na madirisha ya majiko.

Lakini banda lake, banda la tatu, nusura livunjwe. Bromelia zilikuwa zimegoma kuchanua, wateja hawazitazami, na meneja wa wakati ule alitaka pale pawe maegesho ya magari. Mama Kikombe akaomba msimu mmoja tu. Akafunika kila mmea kwa mfuko wa plastiki pamoja na ndizi mbivu, maana hewa ya tunda lililoiva huuchochea mmea kutoa ua. Tulimcheka sana, tukasema sasa anapikia maua. Maua yakaja, mekundu na ya waridi, na banda zima likanunuliwa.

Kosa lake ni kuziharakisha zote kwa mpigo. Bromelia huchanua mara moja tu maishani, kisha hunyauka polepole. Mwaka uliofuata wateja wakarudi kwa mkupuo, wamebeba vyungu na hasira. Meneja akasema imetosha, wabomoaji waje Jumatatu.

Mama Kikombe hakubishana naye. Alitoa meza getini, akanoa kisu chake, akamwita mteja wa kwanza, fundi cherehani mwenye mdomo kweli kweli. Akapekua majani makavu, akamwonyesha vichipukizi vitatu shinani.

"Mmea wako haujaharibika, dada," akamwambia. "Umezaa."

Akavitenga kwa kisu, akakipanda kila kimoja katika chungu chake. Fundi yule alikuja na chungu kimoja cha kugombea, akaondoka na vitatu. Kufika jioni foleni ilikuwa imekwisha, na aliyekuwa akimpokeza Mama Kikombe vyungu vitupu alikuwa meneja mwenyewe. Wabomoaji waliambiwa wasije. Maegesho hatuna mpaka leo, na kila mvua ikinyesha tunamlaumu Mama Kikombe tukikimbia kutoka barabarani tunakoegesha.

Sasa anaondoka, na maneno ya maegesho yameanza kusikika tena. Mimi ndiye ninayelipokea banda, na sifichi kwamba niliogopa. Wiki iliyopita alinikabidhi kisu kile. Hakuniuliza kama nitaweza. Aliniuliza kama najua kukinoa.

Mama Kikombe, tunakushukuru kwa moyo wote. Kafurahie nyumba yako na wajukuu, afya isikupungukie, na mzee aendelee kunyimwa kopo. Kuhusu banda la tatu, lala usingizi. Kisu nimekinoa.